Kesi ya Kumi na Mbili ya Karani Zéphyrin

Jumanne hiyo ya mwezi wa Mei soko la Sake lilijaa mapema, kwa sababu barabara ya Masisi ilikuwa imekauka na malori yalikuwa yamepita bila kukwama. Byukusenge aliteremka mlimani na gunia la maharage mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, na ilipofika saa nne alikuwa amekwisha kuyauza yote. Alijifuta tope la miguuni kwa jani la mgomba, akamwachia jirani yake gunia tupu, akaingia kichochoro cha nyuma ya kibanda cha fotokopi mpaka nyumbani kwa Papa Hilaire. Alikuwa amekuja kumwona karani.

Karani Zéphyrin alikuwapo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, viatu amevivua, soksi zake ndefu amezianika juu ya jiwe jeusi. Alikuwa mwanamume mfupi wa miaka kama arobaini, mwenye kaptura nyeupe iliyopigwa pasi, mwavuli mweusi, na chupa ya wino iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Papa Hilaire, mwalimu mstaafu wa historia, alikuwa ameandika riwaya kumi na moja juu yake. Zote zilikuwa za wakati wa Wabelgiji, kati ya mwaka 1938 na 1944, na katika zote Zéphyrin alikuwa karani wa mahakama ya teritwari ya Masisi. Kazi yake ilikuwa kuandika yanayosemwa, basi. Wauaji wote kumi na mmoja aliwanasa yeye, na sifa zote alipewa msimamizi Mzungu. Riwaya hizo zilipigwa fotokopi pale pale Sake, zikashonwa kwa uzi na kuuzwa sokoni kati ya sabuni na betri. Masisi kuna watu wasiosoma kitu kingine isipokuwa Biblia na Karani Zéphyrin, na baadhi yao Biblia wanairukaruka.

Kila asubuhi karani alikuja, akaeleza, na Hilaire akaandika. Majirani walimsalimu, naye akawainulia kofia. Kumkaribisha tu ndiko kulikokuwa na taabu. Kiti cha plastiki hakikumshika. Alikipitia katikati akajikuta amekaa chini, kwa kuwa yeye alikuwa amefika mwaka 1944 na viti hivyo vilikuwa havijaja. Ndiyo maana Hilaire alimwekea kigoda cha babu yake. Simu ikilia hakuisikia. Pikipiki zilipita mbele yake zikirusha vumbi, na vumbi lenyewe halikumgusa.

"Jambo, Papa Karani," alisema Byukusenge.

"Jambo, mama. Keti. Unashitaki nani?"

"Nashitaki Honoré, juu ya bwana yangu Habineza. Alienda ku Omate mu 2014..."

Karani aliitazama midomo yake ikicheza. Kalamu ilibaki hewani. Alisubiri kwa adabu, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kukohoa.

Hilaire alikuwa kando, anamenya viazi vitamu. "Toa mwaka, mama," alisema. "Mwaka ya sasa haisikiake. Toa na vitu vyote vyenye vilikuja nyuma."

Byukusenge alianza upya. "Alinipigia telefone ya mwisho..."

"Toa telefone."

"Alipanda moto mupaka Walikale..."

"Toa moto. Mu 1944 bantu balikuwa bantu ya miguu."

"Na PDG wa shimo, njo Honoré..."

"PDG haisikiake. Sema kapita."

Basi Byukusenge aliondoa simu, akaondoa pikipiki, akaondoa mwaka na lile jina la PDG ambalo wenye mashimo wanapenda kuitwa, akaweka kapita, yaani msimamizi wa kazi kama alivyoitwa zamani. Alifikiri hakutabaki kitu. Kisha akasema: "Bwana yangu alienda Walikale, ku Omate, kuchimba zahabu. Kapita ya shimo iko Honoré. Nilisikia shimo mbili zilikutana mu ndani ya udongo, bantu bakagombana. Tangu ile siku bwana yangu hakurudi. Niliuliza, banasema alienda mbali. Niko na batoto babiri. Nataka kujua fasi iko."

Haya yote karani aliyasikia. Kalamu ilikimbia, na hakuuliza neno hata moja lirudiwe. Byukusenge aliona kwamba hadithi yake haikupungukiwa na kitu, na hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

"Swali la mwisho," alisema karani. "Bwana yako iko, ao alikuwaka?"

Hapa lazima ieleweke jinsi karani anavyofanya kazi. Watu wa huku wakitaka kulisogeza jambo mbali wanaongeza "-aka" mwishoni. Mtu aliyepo, iko. Mtu aliyekuwa hapa jana, alikuwa. Mtu wa zamani, aliyekwisha habari yake, alikuwaka. Kila aliyesoma kitabu cha tatu anamkumbuka yule mpishi aliyesema kwamba bwana wake "alipendaka" samaki, na bwana mwenyewe alikuwa amepotea tangu asubuhi tu. Msimamizi Mzungu hakusikia chochote. Karani aliliandika neno kama lilivyotoka, akalipigia mstari, na jioni mpishi akaonyesha mahali alipomfukia. Siri yote ya karani ni hiyo. Hasahihishi Kiswahili cha mtu.

Byukusenge alilijua neno hilo vizuri. Mwaka wa kwanza watu walimwuliza, "Habineza iko wapi?" Mwaka wa pili wakaacha kuuliza. Mwaka wa tatu Védaste, kaka mkubwa wa mumewe, alisema mbele ya watu kwamba ndugu yake alijuaka kupanda maharage, na Byukusenge akainuka akaiacha sahani yake ya ugali pale pale. Kanisani waliwahi kumwombea Habineza katika orodha ya marehemu. Alitoka nje akasimama kwenye mvua mpaka ibada ikaisha.

"Iko," alisema.

Karani aliandika *iko*. Akamsogezea chupa. "Piga kidole."

Byukusenge alichovya kidole gumba cha kulia, akakibonyeza kwenye karatasi. Alipofika kwenye bomba la maji la kona, wino ulitoka wote kwa maji matupu. Wino wa karani huwa hivyo kwa aliyesema kweli. Limeelezwa katika kitabu cha tano.

Siku iliyofuata karani alivaa soksi zake, ambazo zilikuwa bado na unyevu, akashika barabara ya Masisi kwa miguu. Dereva mmoja wa lori alisimama kumpa lifti, lakini karani hakuliona lori. Hilaire alihesabu kwamba mpaka Omate angetembea siku kumi na moja, kama mtu yeyote wa 1944.

Barua ya kwanza ilifika mwezi wa Julai. Aliileta Elisabeth, mwanamke anayechukua mawese Hombo na kuyauza Sake. Alisema mtu mwenye mwavuli alimkuta pale Hombo kwenye mpaka wa jimbo, akamwomba amfikishie mwalimu bahasha, akakataa hata chai.

"Aliniita mutoto," alisema Elisabeth, ambaye ana wajukuu wanne. "Nikamuitika."

Hilaire alituma mtu mlimani, na Jumanne Byukusenge akashuka bila maharage. Walikaa ndani, wakaifungua bahasha. Ilikuwa P.V., yaani maandishi ya mahojiano, kwa mwandiko ule ulioinama, na juu yake tarehe 5 Julai 1944, Omate. Hilaire alisoma kwa sauti ya darasani.

*Swali: Unamujua Habineza?*

*Jibu: Habineza? Alikuwaka mutu wa nguvu. Hapana mulevi.*

*Swali: Alitoka hapa siku gani?*

*Jibu: Hata wiki moja haijaisha. Alienda ku shimo ingine.*

*Swali: Atarudi?*

*Jibu: Atarudi tu. Alipendaka shimo yangu.*

*Swali: Unaitwa nani?*

*Jibu: Honoré, kapita.*

*Alikuwaka* na *alipendaka* yalikuwa yamepigiwa mstari kwa rula. Chini kulikuwa na alama ya kidole gumba, nyeusi, yenye kovu dogo lililoikata katikati kama njia ya panya shambani.

Honoré mwenyewe, aliyekaa Goma, alikuwa amezaliwa mwaka 1972 na hakuwahi kufika 1944. Alikuwa na malori matatu na nyumba ya ghorofa isiyokwisha kujengwa. Lakini tarehe 5 Julai, akiwa mezani anakunywa chai, kidole chake gumba cha kulia kiligeuka cheusi ghafla mpaka kwenye kiungo. Alikumbuka kwamba alikuwa amemjibu mtu mfupi maswali fulani, wapi, hakukumbuka. Alijaribu sabuni, akajaribu ndimu, akajaribu petroli. Mkewe alimwambia aweke mkono mfukoni. Wageni waliokuja siku hiyo walikiona kidole, wakampa pole, wakaendelea na mazungumzo yaliyowaleta. Kesho yake alianza kusalimia watu kwa kuwapa kifundo cha mkono.

Barua ya pili ililetwa na Elisabeth huyo huyo mwishoni mwa Julai, na ilikuwa nzito zaidi. Karani alianza kwa kueleza mahali. Shimo la jirani, lile lililokutana na la Honoré ndani ya udongo, lilikuwa limezibwa mdomoni kwa mawe makubwa na magogo, kazi ya watu wengi kwa muda mfupi. Juu ya mawe nyasi zilikuwa zimeota. Wachimbaji wengine walipita hapo wakishuka na kupanda, na wote walipita upande mmoja. Karani alikaa juu ya gogo, akafungua mwavuli kwa sababu kulikuwa na manyunyu, akayauliza mawe kama anavyouliza shahidi yeyote.

*Swali: Jina lako?*

*Jibu: Habineza, wa Masisi.*

*Swali: Uko wapi?*

*Jibu: Niko mu ndani. Nilivukia huku siku ya kugombana.*

*Swali: Muko bangapi?*

*Jibu: Kenda. Tuko kenda.*

*Swali: Nani alifunga shimo?*

*Jibu: Bantu bengi balifunga. Honoré njo alisema bafunge. Tulisikia sauti yake. Mumoja wabo alimuambia, kapita, bantu biko mu ndani. Akasema, bafunge tu, batatokea upande ingine.*

*Swali: Upande ingine iko?*

*Jibu: Haiko. Kule shimo zilikutana udongo ilianguka.*

*Swali: Muko mu ndani tangu lini?*

*Jibu: Huku hakuna lini. Tunapiga nyundo, tunapumzika.*

Hilaire alishusha karatasi. Byukusenge alikuwa ameinamisha kichwa, mikono magotini, na Elisabeth aliyekuwa amekusudia kuondoka alikuwa amekaa juu ya dumu lake la mawese.

"Soma," alisema Byukusenge.

*Swali: Uko na neno ya kuongeza?*

*Jibu: Muambie bibi yangu asipande maharage ku upande wa chini, pembeni ya muti yenye ilianguka. Maji inapitaka pale. Nilikuwa namuwekea njia kila mwaka, nilisahau kumuambia.*

*Nimemsomea. Amekubali. Kidole hakiwezi kufika.*

Kwa miaka minne Byukusenge alikuwa amepanda ule upande wa chini, na kwa miaka minne mvua ya kwanza ilikuja ikasomba maharage mpaka kwenye barabara. Alidhani ni bahati mbaya yake, na watu wengine walidhani mengine. Alimwomba Hilaire asome tena ile sehemu, kisha tena, na mara ya tatu hakulia kwa sababu ya shimo. Alilia kwa sababu ya maharage. Elisabeth alilia naye, akajifuta kwa kitenge, akaenda kuuza mawese.

"Alisema 'niko'," Byukusenge alisema alipotulia.

"Alisema 'niko'," alikubali Hilaire. "Na -aka moja tu, ya maji yenye inapitaka kila mwaka."

Wiki iliyofuata walikwenda pamoja kwenye ofisi ya mahakama. Mwandishi wa mahakama alikuwa kijana mmoja aliyeitwa Yves, mwenye shati jeupe na uso wa mtu anayelala vizuri. Vitabu vyote kumi na kimoja alikuwa navyo kwenye mtoto wa meza, chini ya mihuri. Alipouona mwandiko wa karani alisimama, akazipokea karatasi kwa mikono miwili. Alizisoma zote akiwa wima. Kisha akaingia chumba cha nyuma, akatoka na faili la kiwanja ambalo Honoré alikuwa ameliwekea kidole miaka miwili nyuma, na akaweka alama mbili hizo sambamba chini ya dirisha.

"Kidole iko moja," alisema. "Na kovu yake. Hapa hakuna matata."

Byukusenge alisogea karibu na dirisha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne mtu wa ofisi kumwambia kwamba hakuna matata.

Yves aligeuza ukurasa wa kwanza, akaweka kidole juu kabisa. "Matata iko hapa. Angalia date, Papa Hilaire."

"Nimeiona," alisema Hilaire.

"Julai 1944. Kwa mauaji sheria inapatiaka miaka kumi. Hii iko na miaka makumi saba na ine. Iko prescrite, mama. Muda wake ulipita."

"Bwana yangu alizaliwa mu 1981," alisema Byukusenge.

"Njo mubaya sasa. Alikufa mbele ya kuzaliwa, na bado muda ulipita." Yves hakusema hivyo kwa dhihaka. Alikuwa na huruma ya kweli, na alitafuta kwenye mtoto wa meza kitu cha kumpa. "Niko na uwezo ya kukupatia acte de décès, karatasi ya kifo. Ile haiprescriraka. Utakuwa mujane mu karatasi, na muhuri juu yake. Mujane tangu 1944."

"Sikukuja kuomba ujane."

"Najua, mama."

"Bwana yangu iko."

Yves alirudisha fomu mahali pake. Halafu akamgeukia Hilaire, akapunguza sauti kama msomaji anayezungumza na mwandishi. "Papa, wewe njo mwenye kitabu. Muambie karani aandike mwaka yetu. Namba ine tu. Nitapokea dossier leo hii."

Hilaire alizikusanya karatasi, akazifunga kwa uzi, na ilimchukua muda mrefu kuliko uzi ulivyohitaji.

Njiani walipumzika mahali wanapochoma mahindi. Hilaire alinunua hindi moja, akalishika mkononi bila kulila.

"Mama Byukusenge, nikuambie kitu. Miye njo nilimuweka kule."

"Wapi?"

"Mu ile miaka. Kitabu ya kwanza ilikuwa jirani yangu. Balimubeba asubuhi, nikiona, nilikuwa napiga mswaki. Nilijua nani alimubeba. Nikaandika yote, jina, shati, yote. Halafu nikaogopa. Nikaichukua ile kesi nikairudisha nyuma miaka makumi sita, nikavalisha bantu kapitula. Bauaji ya wakati ya Babelgiji balishakufa bote, hakuna mumoja atakuja kugonga kwangu."

Byukusenge aliutazama mkono wake wenye mahindi. "Na kitabu ya pili?"

"Ya pili pia."

"Bote kumi na moja?"

"Bote."

Barabarani lilipita lori la ng'ombe, likafuatwa na pikipiki mbili. Byukusenge alikuwa amevisoma vitabu vyote, na sasa aliwapitia wauaji mmoja mmoja kichwani, yule mpishi, yule mwalimu wa katekisimu, yule mwenye kinu, akiwavua kaptura na kuwavalisha nguo za sasa. Watatu aliwajua. Mmoja alikuwa amemuuzia mbegu mwezi wa Machi. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawasha, na hakujua azimwage wapi, kwa sababu mzee aliyekaa mbele yake alikuwa bado hajalionja hindi lake.

"Kula mahindi yako, Papa Hilaire," alisema mwishowe. "Inapoa."

Hilaire alijaribu. Kwa hilo lazima asifiwe, hata kama halikuzaa kitu. Alinunua daftari jipya, akaondoa kigoda mlangoni, akaweka kiti cha plastiki. Asubuhi alikaa, akaandika: *Mwaka 2014, Omate.* Alisubiri. Hakuna aliyekuja. Asubuhi ya pili alisubiri mpaka saa sita. Asubuhi ya tatu alichukua P.V. yenyewe, akafuta 1944 kwa wembe kama tulivyofanya sote shuleni, akaandika juu yake 2014 kwa wino kidogo ambao karani alikuwa amemwachia katika kichupa. Namba zilikaa kitambo kidogo, zikanywea kwenye karatasi, zikapotea. Ile 1944 ikajitokeza upya mahali pake, na karatasi haikuwa hata na mkwaruzo. Hilaire alirudisha kigoda, lakini karani hakurudi. Elisabeth alisema amemwona mara moja akinunua ndizi kando ya barabara, na kwamba bado anakaa Omate juu ya lile gogo. Wale watu wanane wengine nao walikuwa na maneno ya kuongeza, na yeye hajawahi kumwacha shahidi katikati.

Mwisho wa mwaka ukaja uchaguzi, na Honoré akagombea. Mshauri wake alikuwa mtu mwerevu. Alimwambia autoe mkono mfukoni. Picha zilibandikwa kutoka Sake mpaka Walikale, Honoré anatabasamu, ameinua kidole gumba cheusi, na chini maneno: KIDOLE YANGU IKO TAYARI. Wengine wangepakwa wino siku ya kura. Yeye alikuwa amekwisha kupakwa. Watu wa Omate waliielewa picha. Watu wa Sake waliielewa vilevile, maana kesi ya kumi na mbili, zile barua mbili, ilikuwa imeshapigwa fotokopi na kusomwa hata bila mwisho. Walizungumza habari zake kwa sauti ya kawaida, wakinunua chumvi. Siku ya kura kila mtu alitoka na kidole cheusi, na kwa wiki mbili hivi Honoré alikuwa sawa na kila mtu. Kisha vya wengine vikafifia. Honoré akashinda.

Mwezi wa pili alikuja Sake kushukuru. Walimjengea jukwaa karibu na njia panda, pale barabara za Goma, Masisi na Minova zinapokutana, na wanawake wakapangwa mstari wa kumpa mkono. Byukusenge alikuwa ameshuka kununua mbegu. Mstari ulimkuta, akasimama ndani yake. Yves alikuwa nyuma ya jukwaa na shati lake jeupe. Papa Hilaire alikuwa kwenye kichochoro chake, akitazama kwa mbali.

Honoré alimfikia. Mtu wa pembeni alimnong'oneza kitu, na uso wa mheshimiwa ukawa wa huzuni iliyopangwa vizuri. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, pole sana. Bwana yako namukumbuka. Alikuwaka mutu wa nguvu."

Mstari wote ulilisikia neno. Wanawake waliokuwa mbele na nyuma, wote walikuwa wasomaji. Elisabeth alitazama chini. Mmoja alichora mstari mdogo hewani kwa ncha ya kidole, kama mtu anayetumia rula.

Byukusenge hakuutoa mkono wake. "Iko," alisema.

"Unasema?"

"Nasema iko. Mu ndani. Iko na benzake munane. Papa Karani iko anabaandika."

Honoré alitabasamu kwa ajili ya watu wa picha, akamwachia mkono, akaenda kwa mwanamke aliyefuata, akamuuliza habari za watoto. Baada ya hotuba kulikuwa na soda. Jioni magari yake yalirudi Goma, na juma lile lile mashimo mawili mapya yalifunguliwa Omate, moja hatua thelathini kutoka kwenye gogo la karani.

Byukusenge alipanda mlima na mbegu zake. Kiganjani alikuwa amebaki na doa jeusi la kidole cha mheshimiwa. Alilinawa kwenye kijito cha kwanza, likatoka kwa maji matupu. Asubuhi alikwenda shambani na mabinti zake wawili. Walipofika kwenye mti ulioanguka aliwaambia wasilime pale, akachukua jembe mwenyewe, akachimba mfereji mwembamba kutoka juu mpaka chini, taratibu, kwa sababu hakujua Habineza alikuwa akiupitisha wapi hasa. Védaste alisimama kwenye mpaka wa shamba lake, akamwuliza nani amemfundisha.

"Bwana yangu," alisema. "Aliniambia juzi."

Védaste alikubali kwa kichwa, akaenda kuleta jembe lake.

Mvua ilinyesha Alhamisi. Walikaa mlangoni, yeye na mabinti, wakatazama maji yakiteremka kwenye mfereji mpaka barabarani, mekundu, bila maharage ndani yake.